Majuto ya Kuruta wa Keya

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alinisomea insha yake kuhusu Vita vya Pili vya Dunia. Mwishoni alikuwa ameandika kwamba askari wa Afrika Mashariki walikwenda Burma kwa hiari yao. Nikamwuliza neno hiari lina maana gani, akajibu vizuri: kutenda jambo bila kulazimishwa. Nikamwuliza tena: mtu anayekubali safari asiyoambiwa mwisho wake, amekubali nini hasa? Alinyamaza, nami, kusema kweli, sikuwa na jibu la papo kwa papo. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Wanafunzi wapenzi, tuanze na maneno mawili. Kuruta ni askari mpya, ambaye bado anafundishwa kupiga kwata, kulenga shabaha na kutii amri kabla ya kuielewa. Keya ni jina ambalo wananchi waliliunda kutokana na herufi tatu za mwanzo za King's African Rifles, jeshi lililoundwa na Waingereza mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vyao vya Uganda, Kenya na Nyasaland, nchi ambayo leo inaitwa Malawi. Batalioni ya Nne ndiyo iliyokuwa ya Uganda. Kabla ya vita jeshi hilo lilikuwa dogo, na kazi yake kubwa ilikuwa kuilinda serikali ya kikoloni dhidi ya wananchi wenyewe. Vita vilipoanza mwaka 1939 lilivimba ghafla. Kufikia mwaka 1945 Waafrika Mashariki zaidi ya robo milioni walikuwa wamepita jeshini, wakiwamo watu wapatao 77,000 kutoka Uganda.

Vijana hao waliingiaje? Hapa ndipo neno hiari linapoanza kuyumba. Wapo waliokwenda kwa miguu yao wenyewe, tena wakikimbia. Kodi ya kichwa ilidaiwa kila mwaka, mahari ilihitaji ng'ombe au fedha, na kazi za mshahara zilikuwa chache. Jeshi lilitoa sare, viatu, chakula cha kila siku na mshahara. Bendi za jeshi zilizunguka wilayani, askari waliovaa vizuri wakaonyesha kwata uwanjani, na kijana aliyekuwa akichunga mbuzi za baba yake akajiona ndani ya kaptula ile ya kaki. Wapo pia waliopelekwa. Mkuu wa wilaya alimwagiza chifu alete idadi fulani ya wanaume wenye afya, na chifu aliyetaka kubaki katika kiti chake hakutafuta sana ridhaa ya mtu. Mara nyingi waliotolewa kwanza ni wale wasiokuwa na wa kuwasemea: yatima, mgomvi wa kijiji, mdeni wa kodi. Umri ulikadiriwa kwa macho, kwa kuwa wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Daktari alitazama meno, kifua na miguu, basi.

Halafu kikaja kiapo. Kijana aliapa kumtii Mfalme George wa Sita, mtu ambaye hakupata kumwona isipokuwa kwenye sarafu, na kutumikia hadi vita vitakapokwisha. Vitakwisha lini? Hakuna aliyejua. Vitapiganiwa wapi? Mwanzoni jibu lilionekana rahisi. Waitaliano walikuwa Ethiopia na Somalia, karibu kabisa na mpaka wa Kenya, na askari wengi waliamini kwamba wanazuia adui asiingie nyumbani. Mogadishu ilitekwa Februari 1941, Addis Ababa ikafuata Aprili, na ngome ya mwisho ya Waitaliano, Gondar, ikaanguka Novemba mwaka huohuo. Adui wa jirani alikuwa ameondolewa. Kwa hesabu ya mkulima kazi ilikuwa imekwisha, na aliyeimaliza kazi hurudi shambani.

Hawakurudishwa. Mwaka 1942 baadhi yao walipelekwa Madagaska, wengine Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kuilinda dhidi ya Wajapani. Mwaka 1943 ikaundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na alama ya kichwa cha kifaru, nayo ikafanyiwa mazoezi kwa ajili ya Burma. Nadhani majuto ya wengi yalianza hapo, wakati bado hakuna risasi iliyorushwa. Kijana wa Acholi au wa Busoga alipanda treni akavuka Kenya yote hadi Kilindini, Mombasa, akaiona bahari kwa mara ya kwanza. Safari za meli zilikuwa siri ya vita, kwa hiyo hakuambiwa anakwenda wapi. Mtu aliyezoea kuona ng'ambo ya mto alisimama mbele ya maji yasiyo na ng'ambo, akatambua kwamba hata akitaka kutoroka, mara tu akishapanda meli hana njia ya kurudi kwa miguu.

Woga huo haukuwa wa kipumbavu. Mapema Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Meli moja, Khedive Ismail, ilibeba watu wapatao 1,500, wengi wao wakiwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa makombora mawili. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Wengi walikuwa ndani, chini ya sitaha, hawakupata hata nafasi ya kuifikia ngazi. Kisha nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na manowari za Uingereza, zikiogopa kwamba itazishambulia meli nyingine za msafara, ziliangusha mabomu ya majini mahali hapohapo. Baadhi ya walionusurika kuzama waliuawa na upande wao wenyewe. Waliokufa kwa jumla ni karibu 1,300. Nimewahi kuwauliza walimu wenzangu wa historia kuhusu meli hiyo. Wengi wanaijua Titanic kinagaubaga, hii hawajaisikia.

Waliofika salama walipelekwa Burma katikati ya mwaka 1944, msimu wa mvua kubwa za monsuni. Kuanzia Agosti Divisheni ya 11 ililifuata bonde la Kabaw kutoka Tamu kuelekea kusini, bonde ambalo hata wenyeji waliliogopa kwa malaria. Barabara ziligeuka tope lililofika magotini, malori yakazama, na chakula kikadondoshwa na ndege kwa miavuli. Askari walimeza vidonge vya kuzuia malaria kila siku, vilivyowageuza ngozi kuwa ya manjano. Wajapani walikuwa wakirudi nyuma, lakini walirudi huku wakipigana, wakijificha kwenye vilima na mashimo. Mwanzoni mwa Desemba Divisheni iliuteka mji wa Kalewa na kuuvuka mto Chindwin, na katika historia ya vita ile hilo lilikuwa jambo kubwa. Majemadari waliwasifu, nao walistahili sifa.

Lakini sifa na majuto hukaa katika kifua kimoja. Waruhiu Itote, kijana wa Nyeri aliyeingia Keya mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka kama ishirini, ameeleza jambo hili katika kumbukumbu zake. Akiwa Burma alizungumza na askari wa Kiingereza aliyemshangaa. Yule Mwingereza alisema kwamba yeye akifa atakuwa amekufa kwa ajili ya nchi yake, je, Itote akifa nchi yake itapata nini? Swali hilo halikumtoka. Hakutoroka wala hakuasi. Alipigana, akarudi Kenya baada ya vita, akafanya kazi kwenye reli, na baadaye akaingia msituni kwa jina la Jenerali China, mmoja wa viongozi wakuu wa Mau Mau, hadi alipokamatwa Januari 1954. Yaani jeshi lilimfundisha kupigana, na swali likamfundisha apigane na nani. Wengi wasiokuwa na jina walibaki na swali bila jibu la aina hiyo.

Kwa nini hawakusema hapohapo, "Nimekosea, nataka kurudi"? Kwa sababu mlango wa kuingilia ulikuwa mpana na wa kutokea haukuwapo. Aliyetoroka akiwa bado Afrika Mashariki alitafutwa kijijini kwake, na chifu aliyemtoa ndiye aliyetakiwa kumrudisha. Aliyekataa amri alikabiliwa na mahakama ya kijeshi. Tena adhabu ya viboko, ambayo jeshi la Uingereza liliifuta kwa askari wake wenyewe tangu mwaka 1881, iliendelea kutumika kwa askari Waafrika katika vita hivi. Mshahara wa askari Mwafrika pia ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa askari Mzungu, ingawa tope la Kabaw halikubagua.

Kilichobaki ni barua. Askari aliyejua kuandika aliwaandikia na wenzake, na nyingi ya barua hizo ziliandikwa kwa Kiswahili, hata pale ambapo mwandishi na mpokeaji walikuwa na lugha yao ya nyumbani. Kila barua ilifunguliwa na wakaguzi wa jeshi kabla ya kusafiri. Wakaguzi walitunga taarifa kuhusu manung'uniko ya askari, na ni kwa taarifa hizo wanahistoria wa leo wanajua nini kiliwasumbua. Hofu ya Wajapani haikuwa juu ya orodha. Juu kulikuwa na mke aliyekaa peke yake muda mrefu mno, ndugu aliyelima shamba lisilo lake, fedha zilizotumwa zisifike, likizo iliyoahidiwa ikaahirishwa. Mtu wa kwanza kuyasoma majuto ya kuruta, basi, alikuwa karani asiyemjua, na kama sentensi haikumpendeza aliikata.

Nisieleweke vibaya. Wapo waliorudi wakijivunia utumishi wao hadi kufa. Wapo waliojifunza udereva, ufundi, ukarani na kusoma, wakajenga nyumba za bati na kuwasomesha watoto. Siwezi kumwambia mzee wa namna hiyo kwamba alidanganywa. Ninachosema ni kwamba kijana aliyejuta hakuwa mwoga, na kwamba majuto yake yanatuonyesha upungufu wa mkataba aliotiwa. Na hakuwa wa kwanza. Mwaka 1897, miaka mitano kabla Keya haijazaliwa, askari wa Kisudani waliotumikia Waingereza hapa Uganda waliamriwa kufuata msafara mwingine mrefu wa Meja Macdonald. Walikuwa wametoka vitani tena na tena, mshahara wao ulikuwa mdogo na wa kucheleweshwa, na walikatazwa kwenda na wake zao. Wakakataa huko Eldama Ravine, wakarudi kwa maandamano ya silaha hadi Busoga na kuiteka ngome ya Luba. Damu nyingi ilimwagika hadi mwaka 1898, ya kwao na ya waliotumwa kuwazima. Serikali ilijifunza jambo, ikaongeza mishahara. Kuwauliza askari wanataka kwenda wapi, hapana.

Sasa nirudi kwenye somo letu la lugha. Mnajua kwamba hapa Uganda wazazi wengi bado husema Kiswahili ni lugha ya askari, na husema hivyo kwa uchungu. Wana sababu. Keya ilikitumia Kiswahili kambini, kile kilichopewa jina la Ki-KAR, Kiswahili kilichokatwakatwa ngeli ambamo watu wawili wangeweza kuitwa "mtu mbili" bila mwalimu yeyote kushtuka. Baadaye Idi Amin alikipenda, na kumbukumbu ya utawala wake imeganda juu ya lugha hii. (Amin alipenda pia kusimulia kwamba alipigana Burma. Aliingia Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha.) Lakini lugha ileile iliyotumiwa kuamrishia ndiyo iliyotumiwa kuandika, kwa siri na kwa woga, "nimechoka, nataka kurudi nyumbani." Bibi akikataa mjukuu wake asijifunze Kiswahili, huenda ameisikia sauti moja tu kati ya hizo mbili.

Kwa mwanafunzi wangu nilirudisha insha yake bila kulifuta neno hiari. Nililipigia mstari na kuandika pembeni: "Hadi wapi?" Ninyi mnaosoma makala haya, kama nyumbani kwenu yupo mzee ambaye baba yake alikuwa Keya, mwulizeni jambo moja kabla hajasahau: siku baba yake alipopanda treni kwenda Mombasa, aliiambia familia kwamba anakwenda wapi? Andikeni jibu kwa maneno ya mzee mwenyewe, mlilete darasani.