Watafsiri wanaofanyia kazi nyumbani: mara ngapi kwa juma wanatoka inje, na juu ya nini

Katika mitaa ya Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia, kuko watu ambao majirani hawajui kazi yao. Asubui, wakati wengine wanapanda moto kwenda kazini ao wanabeba bidhaa kwenda sokoni, wao wanafunga mulango wa chumba na kukaa mbele ya ordinatere. Jioni bado wako pale. Majirani wanaulizana: « Ule haendake ku kazi? » Kumbe kazi iko, tena ya haraka. Ni watafsiri wa kujitegemea, wanaogeuza maandiko na sauti kutoka lugha moja kwenda ingine.

Mutu kama huyu anatoka nyumbani mara ngapi kwa juma? Kuko anayetoka kila siku, kuko anayemaliza siku ine bila kuvuka kizingiti. Yafuatayo ni mambo yanayoamua hesabu hiyo hapa kwetu mashariki, na namna ya kuipanga ili mwili, makuta na kazi visiharibike.

Kazi yenyewe iko namna gani

Mutafsiri wa kujitegemea hana biro ya shirika wala mushahara wa kila mwisho wa mwezi. Anapata kazi kwa shirika la misaada, kwa watafiti wa chuo kikuu, kwa kanisa, ao kwa kampuni ya inchi ya mbali inayomutumia maandiko kupitia intaneti. Mara mingi analipwa kwa kila neno la maandiko ya kwanza, ao kwa ukurasa. Kama ni sauti iliyorekodiwa, analipwa kwa dakika ao kwa saa ya ile sauti.

Inchi yetu ina Kifaransa kama lugha ya serikali, na lugha ine za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Huku mashariki unaongeza Mashi, Kinande, Kihunde, Kilega, Kifuliiru, Kibembe, Kinyarwanda na zingine. Kwa hiyo tangazo la chanjo, maulizo ya uchunguzi, ao karatasi ya kukubali matibabu inaweza kupita katika lugha mbili ao tatu mbele ya kufika kwa mama wa kijijini.

Mutafsiri aliyezoea anaweza kumaliza maneno karibu 2000 mpaka 2500 kwa siku, kama maandiko si magumu. Chukua kitabu kidogo cha maneno 10000: ni siku tano kamili. Kama amepoteza asubui mbili kwa safu ya watu mahali pa kutoa makuta, lazima alale usiku sana, ao achelewe. Na anayechelewa mara mbili, mara ya tatu haitwi tena. Ndiyo sababu ya kwanza ya kubaki ndani: saa ya inje hailipwi na mutu.

Mambo yanayomutoa nyumbani

*Umeme.* Bukavu inategemea sana mitambo ya mutoni Ruzizi. Goma inapata sehemu ya umeme wake kutoka mutambo wa Matebe, kule Rutshuru, unaofanya kazi tangu 2015. Lakini waya haufiki kila nyumba, na pale unapofika, umeme unakatika ao unagawanywa kwa zamu. Betri ya ordinatere ikiisha saa ine za asubui, mutafsiri anabeba mufuko na kwenda kwa rafiki, kwa parokia, ao mahali pa kuchajia telefone kwa kulipa. Mwenye sahani ya jua juu ya nyumba na betri nzuri anatoka mara kidogo kuliko mwenzake. Hesabu yake ni rahisi: pima kile unachotumia kwa mwezi kwa moto na kwa kuchaji, kisha linganisha na bei ya sahani ndogo.

*Mutandao.* Kupakua sauti ya saa mbili kunakula megabaiti mingi. Wengi wananunua furushi la usiku juu bei yake ni ndogo, kisha wanalala asubui. Pale mutandao mumoja unapokufa mutaani, wanatafuta mahali pa juu ao wanaenda kartie ingine. Watafsiri wengi wanaweka kadi mbili za makampuni tofauti ndani ya telefone, na hiyo inawaponyesha safari mingi.

*Makuta.* Hii ndiyo safari ndefu kuliko zote. Malipo yanakuja kupitia benki, telefone ao nyumba za kutuma feza. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, mabenki ya Goma yalipofunga milango, watu wengi walibaki na feza ya telefone tu, na wengine walilazimika kuvuka mupaka mpaka Gisenyi kutafuta feza yao. Hata mahali ambapo benki inafanya kazi, safu ni ndefu. Na ukipewa dola iliyochanika kidogo, sokoni hawaipokei, inabidi urudi. Asiyepanga safari ya makuta anaweza kupoteza siku nzima kwa kazi aliyoifanya kwa siku moja.

*Karatasi.* Mutafsiri aliyekula kiapo anafanya vyeti vya kuzaliwa, diploma na hukumu za tribinali. Kazi hiyo haiishi katika ordinatere. Inataka kuchapa, saini, muhuri, na mutu aje ao umupelekee. Huyu anatoka karibu kila siku.

Safari ya kutafuta neno

Kuko safari moja ambayo mutafsiri mupya anadharau na muzee wa kazi hasahau: kutoka kwenda kusikia watu wanavyosema.

Chukua mufano wa siku za juma. Tanzania wanaandika « Jumatatu ». Huku kwetu wengi tunasema « siku ya kwanza ». Mama wa Walikale ao Shabunda akisoma « muje na watoto Jumatatu », anaweza kusikia ndani « siku ya tatu ». Anafika siku mbili nyuma, chanjo imekwisha kupita. « Jumanne » nayo inaweza kumupeleka mutu siku ya ine. Vilevile, Bukavu « munganga » ni daktari wa lopitali. Tanzania « mganga » mara mingi ni yule wa dawa za kienyeji. Mutafsiri aliyejifungia na kamusi ya Dar es Salaam hataona hatari hiyo. Ataiona kwa dakika tano akisomea maandiko yake mama anayeuza sambaza pa soko.

Tulijifunza hiyo kwa uchungu. Ebola iliyotangazwa tarehe 1/8/2018 katika Kivu ya Kaskazini ilienea mpaka Ituri, na ikaisha tarehe 25/6/2020. Watu 3470 waligonjwa, 2287 walikufa. Shirika Translators without Borders lilichunguza lugha Goma na Beni mwaka 2019, na watu walionyesha kwamba walitaka maelezo katika lugha wanayosema kila siku, kwa maneno rahisi. Pale watu hawaelewi, mashaka yanaingia, na mashaka yanafunga mulango wa kituo cha matibabu. Neno lililotafsiriwa vibaya katika chumba kimoja cha Goma linaweza kufika mbali.

Hata wa zamani walijua. Mutakatifu Yeronimo, aliyekufa Bethlehemu mwaka 420, alitafsiri Biblia katika Kilatini, lakini kwa Kiebrania alitafuta walimu Wayahudi wa kumufundisha na kumusahihisha. Siku yake, tarehe 30 ya mwezi wa kenda, ndiyo siku ya kimataifa ya tafsiri, na Umoja wa Mataifa uliikubali mwaka 2017.

Basi kama una maandiko ya afya, ya shamba ao ya uchaguzi, weka safari moja ya kuyasoma mbele ya watu watatu: muzee, mama na kijana. Usiwaulize « munaelewa? » juu kwa heshima watajibu ndiyo. Waambie: « Nielezeni kwa maneno yenu hii karatasi inasema nini. » Pale wanapokwama, ndipo pa kusahihisha.

Wale wasiotoka: mwili na moyo

Shirika la Afya Duniani linashauri mutu mukubwa afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 mpaka 300 kila juma. Kutembea haraka kunahesabiwa. Ni kama nusu saa kwa siku tano. Anayetoka chumba kwenda choo na kurudi hafikishi hata kidogo. Mugongo unaanza kuuma, shingo inakaza, miguu inavimba. Kwa macho, kuko sheria rahisi: kila dakika 20, angalia kitu kilicho mbali karibu metre sita, kwa segonde 20. Dirisha linaloangalia ziwa ao kilima linatosha.

Jambo la pili halisemwi sana. Sehemu kubwa ya kazi ya tafsiri hapa mashariki ni ushuhuda: watu waliokimbia vijiji, wanawake waliotendewa jeuri, watoto waliotoka katika vikundi vya silaha. Mutafsiri anasikiliza sauti ileile mara tatu, mara ine, ili apate neno sawasawa. Anaandika « mimi » mahali mwenye kusema alisema « mimi ». Akifanya hivyo siku sita peke yake ndani ya chumba, usiku usingizi unakimbia, anakasirikia watoto bila sababu, chakula hakina ladha. Hiyo si uzaifu. Ni muzigo wa kazi. Usipange shuhuda kama hizo siku zote za juma, usizisikilize usiku mbele ya kulala, na ukishamaliza, toka inje ukutane na watu. Unaweza kumwambia mwenzako kwamba kazi ni nzito bila kutaja jina wala mahali. Kama usingizi haurudi majuma mbili, enda kwa kituo cha afya, uulize musaidizi wa mambo ya moyo.

Ukitoka, siri usitoke nayo

Maandiko ya ushuhuda hayafunguliwi mahali pa watu wengi. Katika nyumba ya intaneti ya kulipa, mutu wa nyuma yako anasoma, na faili inabaki ndani ya mashini yao. Jina moja la kijiji na la mutu linaweza kumuletea mwenye kusema hatari ya kweli. Kama umeme umekatika na lazima utoke, chukua maandiko mengine yasiyo na siri. Weka neno la siri kwa ordinatere na kwa kifaa cha USB. Ukipita kizuizi, usiwe na karatasi zilizochapwa zenye majina.

Tena, kuko kutoka ambako hakupangwi. Tarehe 22/5/2021 Nyiragongo ililipuka, na tarehe 27 wakaaji wa kartie 10 za Goma waliambiwa kuondoka mara moja. Aliyeweka nakala ya kazi mahali pengine, aliweza kuendelea. Aliyeacha yote juu ya meza, alikimbia na wasiwasi mbili. Kila jioni, weka nakala ya kazi ya siku. Na mufuko mudogo ukae tayari karibu na mulango: karatasi zako, kifaa cha USB, waya ya kuchaji.

Juma moja la mufano

Tuseme mutafsiri wa Himbi ana maneno 10000 ya kutoa siku ya posho. Siku ya kwanza mpaka ya ine, anatembea nusu saa asubui, mbele jua halijakaza, kisha anakaa. Siku ya pili anaunganisha safari tatu kwa moja: kutoa makuta, kununua megabaiti, na kuchapa. Siku ya ine nyuma ya saa kumi anapita sokoni na kurasa mbili mukononi, anasikiliza watu watatu. Siku ya tano anasahihisha maneno yaliyokwama, na jioni anamutembelea mwenzake. Siku ya posho asubui anafanya salongo na majirani, kisha anasoma yote mara ya mwisho na kutuma. Siku ya yenga hafungui ordinatere.

Ukihesabu, ni kutembea mara ine, na safari za lazima mbili tu. Katika siku tano hizo alitoka kila siku, lakini kazi haikupotea, juu kila safari ilikuwa na saa yake.

Kwa watu wa nyumbani

Kazi ya nyumbani inaharibika pia kwa sababu watu wa nyumba wanaona mutu yuko, wanafikiri ana nafasi. Mama mutafsiri ndiye anayesumbuka zaidi: « Juu uko hapa, angalia sombe ku moto. » Kubalianeni saa ambazo mulango umefungwa, na saa ambazo yuko wa wote. Waonyesheni watoto karatasi iliyotoka katika kazi ile, pengine ni ileile waliyoiona imebandikwa pa kituo cha afya.

Na sisi majirani, tukimuona leo anapita njiani na kurasa mbili mukononi, akituomba dakika tano tumueleze tangazo kwa maneno yetu, tusimukimbie. Anatafuta neno ambalo kesho mama mumoja wa mbali ataelewa, ili afike na mutoto siku ya kweli ya chanjo.