Montaillou: Kijiji katika Daftari la Askofu

Miji mikuu haikosi waandishi wa habari zake. Wafalme huweka makarani, matajiri huweka hesabu, na makanisa huweka orodha za wakubwa waliozikwa ndani yake. Kijiji, aghalabu, huzaa watu wake, hulima ardhi yake, huzika wafu wake, kikapita duniani bila ya wino kulitaja jina lake. Montaillou, kijiji kidogo cha kusini mwa Ufaransa, kimetoka katika kanuni hiyo. Maisha ya wakulima wake wa mwanzo wa karne ya 14 yanajulikana kwa undani usiopatikana katika habari za miji mingi ya zama zile. Walakini wakulima hao hawakujiandika wenyewe. Waliandikwa na mahakama iliyowashitaki. Elimu iliyotoka katika maandishi yale ni kubwa, na bei yake ilikuwa kubwa pia. Ililipwa na watu ambao hawakupata faida yake hata kidogo.

Kijiji hiki kimo katika jimbo la Ariège, karibu na mpaka wa jimbo la Aude, juu ya uwanda ulioinuka kadiri ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Kusini yake imesimama milima ya Pyrenees, na ng'ambo ya milima hiyo ni nchi ya Katalonia. Baridi ya huko ni kali na theluji hukaa muda mrefu. Kwa hiyo mizabibu na mizeituni, ambayo ni utajiri wa mabonde ya kusini, haistawi hapo. Zamani watu walilima ngano, oti na kitani, wakafuga kondoo. Nyumba zao zilishuka ubavuni mwa kilima. Juu kabisa ilikuwapo ngome ya mtawala wa Foix, ambayo magofu yake yanaonekana hata leo. Chini ya kijiji lilikuwapo kanisa la Bibi Maria. Mtu aliyeishi katikati alikuwa na serikali juu ya kichwa chake na dini chini ya miguu yake.

Mnamo mwaka 1300 wakazi wa Montaillou walikuwa kadiri ya 200 au 250. Nguzo ya maisha yao ilikuwa nyumba. Neno lao la nyumba lilikuwa na maana ya kuta na jiko, na lilikuwa na maana ya ukoo uliokaa ndani, pamoja na heshima yake, madeni yake na bahati yake. Moto wa jikoni ulikuwa moyo wa nyumba. Kondoo, ng'ombe na nguruwe mara nyingi walilala chini ya paa moja na wenyewe. Jua lilipotoka, wanawake walikaa mlangoni au juu ya paa wakitoana chawa, na katika kazi hiyo mambo ya vijana, ya ndoa na ya roho yalizungumzwa pamoja. Kuosha mwili hakukuwa desturi kubwa, lakini kutoana chawa kulikuwa alama ya mapenzi: mama alimtoa mwanawe, na mwanamke alimtoa mpenzi wake.

Ndani ya nyumba hizo iliingia imani iliyokatazwa. Wakathari walisadiki kwamba roho ni kazi ya Mungu mwema, na kwamba dunia hii ya mwili na mauti imetoka katika asili ya uovu. Kanisa la Roma liliwahesabu kuwa wazushi. Vita vilivyoitishwa na Papa juu yao vilidumu kutoka mwaka 1209 mpaka 1229, na ngome yao ya Montségur ilianguka mwaka 1244. Hata hivyo moto haukuzimika wote. Karibu na mwaka 1300 ndugu wawili, Pierre na Guillaume Authié, waliokuwa makarani wa sheria katika mji wa Ax, walirudi kutoka Italia wakahubiri kwa siri milimani. Waliitwa Watu Wema. Hawakula nyama wala hawakugusa wanawake, na mtu aliyekaribia kufa waliweka mikono juu yake ili roho yake iokoke. Siri yao ilipita nyumba kwa nyumba kwa njia ya udugu, kama moto wa kuazimana kwa jirani.

Nyumba yenye nguvu kupita zote ilikuwa ya Clergue. Bernard Clergue alikuwa wakili wa mtawala, mkusanyaji wa kodi. Pierre, ndugu yake, alikuwa kasisi wa kijiji. Kasisi huyu alisoma misa ya Kanisa huku akiwapendelea Wakathari, na alitembea na wanawake wengi wa parokia yake. Alipoona hatari imekaribia, alishika kamba kwa ncha mbili: aliwaficha rafiki zake na kuwashitaki adui zake kwa uzushi ule ule. Mwaka 1308 Geoffroy d'Ablis, mchunguzi wa imani wa Carcassonne, aliwakamata watu wazima wa kijiji kizima. Mwanamke mmoja, Mengarde Maurs, aliyethubutu kusema juu ya uzushi wa akina Clergue, alikatwa ulimi kwa sababu yao. Kikulacho ki nguoni mwako. Montaillou iliumwa kwanza na watu wake.

Mwaka 1317 Jacques Fournier alifanywa askofu wa Pamiers. Alikuwa mtu wa asili duni, msomi, mvumilivu na mkali. Kutoka mwaka 1318 mpaka 1325 mahakama yake ilikaa siku 370, ikauliza maswali mara 578 katika mashauri 98. Mateso ya mwili aliyatumia kwa nadra. Silaha yake kubwa ilikuwa swali linalorudiwa mpaka uwongo uchoke. Watu watano walichomwa moto, mmoja wao akiwa mtu wa Montaillou. Wengine walifungwa, walinyang'anywa mali, au walishonewa misalaba ya manjano katika nguo zao ili kila mpita njia ajue aibu yao. Kasisi Clergue naye alifia kifungoni.

Kwa kuwa askofu alitaka kujua kila kitu, kila kitu kiliandikwa. Béatrice de Planissoles, mjane wa liwali wa ngome, alieleza mapenzi yake na kasisi, na woga wake wa kuchukua mimba. Pierre Maury, mchungaji wa kondoo, alieleza safari zake baina ya malisho ya milimani na Katalonia, jibini na mikate waliyokula wachungaji, na udugu uliowaunganisha watu wasio na nyumba. Mara kadha alipata mali, na mara kadha akaipoteza. Aliona umaskini si aibu. Mwaka 1324 alihukumiwa kifungo. Mtu aliyezoea kupita milima miwili kwa mwaka alipewa kuta nne.

Fournier alipanda cheo akawa Papa Benedicto wa 12 mwaka 1334, akafa mwaka 1342. Daftari lake lilihifadhiwa katika maktaba ya Vatikano. Jean Duvernoy alichapisha maneno yake ya Kilatini mwaka 1965, na mwaka 1975 Emmanuel Le Roy Ladurie alitoa kitabu juu ya kijiji hiki kilichosomwa na watu wengi mno, wasomi na wasio wasomi. Ndipo Montaillou ilipojulikana duniani.

Umaarufu huo ulileta swali zito. Watu wale walisema kwa Kioksitani, karani akaandika kwa Kilatini. Walisema “mimi”, karani akaandika “yeye”. Walisema mbele ya mtu aliyeweza kuwafunga. Mwaka 1986 Renato Rosaldo alimlaumu mwanahistoria kwa kutumia maarifa ya mahakama huku akiisahau nguvu iliyoyakamua. Lawama hiyo ni ya haki, lakini haifuti daftari. Shahidi mwenye hofu huficha jina la rafiki yake. Hana haja ya kubuni namna ya kutoa chawa au kukata jibini. Mambo ambayo hayakuwa na thamani kwa hakimu ndiyo yenye kuaminika zaidi kwa msomaji. Basi kazi ya msomaji ni kusoma mara mbili: mara moja kumsikia mkulima, na mara ya pili kuukumbuka mlango uliofungwa nyuma yake.

Leo Montaillou ina wakazi wachache sana, hata mia moja hawafiki. Hata hivyo ni moja katika serikali za mitaa kadiri ya 35,000 za Ufaransa, yenye meya wake na baraza lake, sawa kwa sheria na miji mikubwa. Jina la Clergue lilidumu kijijini hata karne ya 20. Wageni hupanda kutazama magofu ya ngome iliyowatawala wakulima wale. Ngome imebaki mawe yasiyosema. Wakulima, ambao hawakuacha jiwe lenye jina lao, wanasikika bado, kwa kuwa adui yao alikuwa mwangalifu wa kuandika. Ni deni la ajabu: historia inamshukuru karani, lakini haki inamdai hakimu wake.