vcsim

vcsim ni programu huria inayoiga vCenter, mfumo wa VMware wa kusimamia kompyuta pepe. Imeandikwa kwa lugha ya Go na ni sehemu ya maktaba ya govmomi. Hutumika kupima chanzo cha matukio ya wingu, yaani programu inayonasa matukio ya vCenter na kuyatuma kwingine, bila seva halisi.

Ikiwashwa, huunda kituo cha data cha kuigiza chenye kompyuta pepe 4. Mpimaji akizima ile iitwayo DC0_H0_VM0, hutokea tukio VmPoweredOffEvent. Chanzo hulinasa, hulifunga katika muundo wa matukio uitwao CloudEvents na kulituma kwa mpokeaji. Lisipofika, kasoro hutafutwa hatua kwa hatua.

Kwa jaribio hili, kompyuta mpakato moja yatosha. Hivyo hata mwanafunzi wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, anaweza kuimudu kazi hii nyumbani.