Pete Ilivyotoka Kitabuni Ikaingia Sinema

Wasomaji wapenda hadisi ndefu wamekwisha kusikia habari za kitabu cha Mwingereza J.R.R. Tolkien, The Lord of the Rings, ndiyo kusema Bwana wa Pete. Wengi zaidi wameona sinema yake bila kugusa kitabu. Twataka kueleza namna gani kitabu kile kiligeuzwa sinema ya feza nyingi, na mambo gani yalianguka njiani.

Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892, akapelekwa Uingereza angali mtoto mdogo. Baba yake akafa. Mama yake akaingia Eklezia Katolika mwaka 1900, na kwa sababu hiyo jamaa zake wakamnyima msaada. Alipokufa mwaka 1904, aliwaacha wana wake wawili mikononi mwa Padri Francis Morgan wa Birmingham. Kijana huyo akawa mwalimu mkubwa wa lugha huko Oxford. Alianza kitabu chake mwaka 1937, kikachapwa sehemu tatu, miaka 1954 na 1955. Ndani yake hamna kanisa wala padri. Hata hivyo yeye mwenyewe alimwandikia Mjezuiti mmoja, rafiki yake, kwamba kwa msingi wake ni kitabu cha Kikatolika. Na mwenye kuangalia tarehe ataona kwamba pete mbaya yaharibiwa siku ya 25 Machi, ndiyo sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna pete yenye nguvu mbovu, nayo lazima itupwe katika moto wa mlima ilimofuliwa. Mwenye kuichukua si shujaa. Ni Frodo, wa taifa la watu wafupi waitwao Hobbit, wapendao bustani na chakula. Wafalme na askari wapo, tena wapigana sana; lakini mambo yote yategemea miguu ya Frodo na mtumishi wake Sam.

Mwaka 1957 Wamarekani walikuja na mpango wa sinema. Tolkien na mchapaji wake wakakata shauri: sanaa ao feza. Wenye sinema walipe mali nyingi kweli, ao wampe mtungaji haki ya kukataa kila badiliko baya. Mwaka 1958 alisoma maandishi yao, akakasirika. Aliona wamependa mapigano kupita kiasi, wamewatumia tai ovyo kubeba watu, na ile safari ya wachukuzi wa pete wameipuuza. Alisema ni afadhali kukata sehemu nzima kuliko kuzibana zote. Hata vita ya Helm's Deep yaweza kuachwa. Mpango ule ukafa.

Mwaka 1969 feza ikashinda. Tolkien aliwauzia United Artists haki ya sinema kwa pauni zaidi ya 100.000, akafariki mwaka 1973. Haki ile ikapita kwa Saul Zaentz mwaka 1976, na mwaka 1978 Ralph Bakshi akatoa sinema ya michoro iliyokoma katikati ya hadisi.

Ndipo akaja Peter Jackson, mtu wa New Zealand. Kampuni ya Miramax ilikuwa tayari kwa sinema mbili; mwaka 1998 ikaogopa gharama, ikataka moja tu. Jackson akaenda kwa New Line, na mkubwa wao, Robert Shaye, akauliza: kama vitabu ni vitatu, mbona sinema mbili? Basi zikawa tatu, zikapigwa kwa pamoja tangu Oktoba 1999 mpaka Desemba 2000, siku 274 za kazi. Gharama ilifika karibu dola milioni 280. Kwa kijiji cha Hobbit walichagua shamba karibu na Matamata. Askari wa serikali wakatengeneza barabara, na mboga na maua yakapandwa mwaka mzima mbele, ili bustani zionekane za wenyeji kweli. Kazi ya namna hii twaisifu bila shaka yo yote. Sinema zikatoka miaka 2001, 2002 na 2003, na ile ya mwisho ikapewa tuzo 11 za Oscar.

Na Helm's Deep? Ile vita ambayo mtungaji aliona yaweza kuachwa, ndiyo ilifanywa kilele cha sinema ya pili! Kumbe, mwisho wa kitabu umekatwa. Katika kitabu wale Hobbit wanne warudi nyumbani, wakuta miti imekatwa, chakula chazuiwa, wabaya watawala. Tena hakuna mkubwa wa kuwasaidia, lazima wasimame wenyewe. Katika sinema kijiji ni kile kile walichokiacha. Hasara hiyo twaihesabu kubwa.

Hata upande wa feza mambo hayakunyoka. Mwaka 2008 jamaa ya Tolkien iliishitaki New Line kwa kudai sehemu yake ya mapato, wakapatana mwaka 2009. Mwaka 2012 mwana wake Christopher aliliambia gazeti Le Monde kwamba kitabu kimetolewa matumbo ili kipendeze vijana wapenda mapigano. Neno hilo ni kali, nasi hatulikubali lote. Maneno ya mzee Gandalf juu ya kumhurumia Gollum, mnyonge aliyeharibiwa na pete, yamo katika sinema, tena yasemwa vizuri.

Lakini tutazame penye moto wenyewe. Katika kitabu Frodo ashindwa kabisa: mwishoni akataa kuitupa pete. Gollum amwuma kidole, ainyang'anya, arukaruka kwa furaha, akanyaga pabaya, aanguka. Yule aliyehurumiwa na Bilbo, na Frodo, hata na Sam, ndiye anayeimaliza kazi bila kuitaka. Wenye sinema waliona mwisho huo hautoshi kwa macho ya watazamaji. Kwanza walipiga picha za Frodo akimsukuma Gollum shimoni. Baadaye waliona kwamba hayo yafanana na kuua mtu, wakapiga nyingine: Frodo amrukia ili airudishe pete, wapigana ukingoni, waanguka wote wawili, na Frodo pekee ashika mwamba. Katika kitabu, Gollum akiisha kuinyang'anya pete, Frodo hamgusi.