Hendra Setiawan, mtu wa wavuni

Kwenye machimbo madogo ya Nyarugusu, mkoani Geita, yapo maduara ambayo hadi leo yanaendeshwa kwa nguvu za mikono. Juu ya mdomo wa shimo hulazwa gogo lenye mpini huku na huku, kamba ikazungushwa katikati. Watu wawili hushika mipini hiyo, mchimbaji akajifunga kamba, safari ya kwenda chini ikaanza. Niliwahi kusimama pale nikiwatazama vijana wawili wakimteremsha mwenzao. Hawakuhesabu kwa sauti, wala hawakuelekezana. Mmoja akipunguza mwendo, mwingine naye keshapunguza. Macho yao hayakuwa kwenye kamba. Kila mmoja alikuwa akitazama mabega ya mwenzake.

Katika michezo yote ninayoifuatilia, mmoja tu unadai macho ya namna hiyo, nao ni mchezo wa vinyoya, yaani badminton, unapochezwa wawili wawili. Na yupo mtu aliyeufanya kazi ya maisha yake: Hendra Setiawan wa Indonesia, aliyestaafu Januari 2025 akiwa na miaka 40. Huku kwetu Shinyanga na Geita kurasa za michezo ni mali ya soka, na sina ugomvi na hilo. Nami nilishangilia George Mpole alipofunga mabao 17 akiwa na Geita Gold msimu wa 2021/22 na kuibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu. Lakini Hendra aliondoka uwanjani bila gazeti lolote ninalolisoma kumwandikia hata aya moja. Kwa mchezaji wa kiwango chake, nalihesabu hilo kuwa deni, na hapa najaribu kulilipa.

Nianze na chombo chenyewe. Kinyoya cha mashindano kina manyoya 16 ya bata bukini, yote ya bawa la upande mmoja ili kizunguke sawasawa kikiwa hewani, yakachomekwa kwenye kichwa cha koki kilichovikwa ngozi. Uzito wake ni kati ya gramu 4.74 na 5.50. Mtu wa Geita hahitaji kuelezwa gramu tano ni kitu gani kiganjani. Hapa watu hununua na kuuza kwa kipimo hicho kila siku. Kitu chepesi kiasi hicho ndicho mchezaji wa India, Satwiksairaj Rankireddy, alikipiga mwaka 2023 katika jaribio la kupima mwendo, kikatoka kwenye raketi kwa kasi ya kilomita 565 kwa saa. Sekunde inayofuata hewa imekishika, kimepoa, kinadondoka kama jani. Ubishi wote wa mchezo huu umo katika mabadiliko hayo ya mwendo.

Asili yake ni India ya karne ya 19, ambako maofisa wa Kiingereza waliucheza na kuuandikia kanuni mjini Poona. Ulipofika Uingereza ulichukua jina la Badminton, kasri la kabaila mmoja katika jimbo la Gloucestershire. Chama cha Uingereza kilianzishwa 1893, mashindano ya All England yakaanza 1899, na shirikisho la dunia likaundwa 1934. Afrika Mashariki uliingia na wakoloni na familia zenye asili ya Asia, ukachezwa katika klabu na kumbi za jumuiya zao, na kwa muda mrefu ukabaki humohumo. Olimpiki uliingia rasmi mwaka 1992, Barcelona. Miaka 16 baadaye, Beijing 2008, jirani yetu Edwin Ekiring wa Uganda alikuwa kwenye orodha ya wachezaji wa mmoja mmoja, akarudi tena London 2012. Ni katika michezo hiyohiyo ya Beijing ambako dunia ilimjua Hendra.

Alizaliwa 25 Agosti 1984 katika mji wa Pemalang, Java ya Kati, akahamia Jakarta kulelewa na klabu ya Jaya Raya. Huko alikutana na Markis Kido, kijana wa Jakarta aliyemzidi kwa siku 14 tu. Kido alikuwa mfupi, mwenye miguu inayochemka na mkono mzito kutoka nyuma. Hendra alikuwa mrefu, mpole, si msemaji. Makocha wakawaweka pamoja, na mgawanyo wa kazi ukajipanga wenyewe: Kido nyuma akipiga, Hendra mbele kwenye wavu akimalizia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu kwa karibu, nieleze kidogo. Uwanja wa wawili wawili una urefu wa mita 13.40 na upana wa mita 6.10, na wavu umesimama mita 1.55 kwenye nguzo. Timu ikishambulia, mmoja hukaa mbele na mwingine nyuma. Ikishambuliwa, wawili hao hufunguka na kusimama ubavu kwa ubavu, kila mmoja akilinda nusu yake. Mabadiliko hayo hutokea mara nyingi ndani ya pigano moja la sekunde kumi, bila mtu kusema neno. Anayechelewa nusu hatua anamwachia mwenzake shimo. Watazamaji hushangilia aliye nyuma, anayeruka na kupiga. Lakini aliye mbele ndiye anayelazimisha wapinzani kuinua kinyoya, na bila kuinuliwa huko hakuna cha kupiga. Hendra alikuwa bingwa wa kazi hiyo isiyoonekana. Raketi yake aliishika juu, mbele ya uso, akisogeza kifundo cha mkono kidogo tu, kinyoya kikaanguka mahali ambapo hakuna mtu. Sevisi yake ilipita juu ya wavu kwa unene wa kidole. Uso wake haukubadilika, akishinda ama akishindwa.

Mwaka 2007 mjini Kuala Lumpur, Kido na Hendra walitwaa ubingwa wa dunia kwa kuwafunga Jung Jae-sung na Lee Yong-dae wa Korea Kusini. Tarehe 16 Agosti 2008, Beijing, walisimama kwenye fainali ya Olimpiki dhidi ya wenyeji Cai Yun na Fu Haifeng, ukumbi mzima ukiwa upande wa pili. Seti ya kwanza waliipoteza kwa 21-12. Ya pili wakashinda 21-11, ya tatu 21-16. Vijana wawili, Kido wa miaka 24 na Hendra wa 23, walikuwa wamemaliza ngazi yote. Mwaka 2010 wakaongeza dhahabu ya Michezo ya Asia huko Guangzhou.

Baada ya hapo mambo yakapoa. Olimpiki ya London 2012 ilipofika, mabingwa watetezi hawakuwamo; hawakufuzu. Indonesia iliwakilishwa na Mohammad Ahsan akicheza na Bona Septano. Bona ni mdogo wake Kido, wa tumbo moja. Baada ya London ndipo ukaja uamuzi ambao nauona kuwa mgumu kuliko fainali yoyote: Hendra aliachana na Kido, akaunganishwa na Ahsan. Yaani rafiki alimwacha kaka, na mshirika wa mdogo mtu akachukua nafasi hiyo, nyumba moja ikabaki na ndugu wawili waliopoteza wenzao kwa mpigo. Katika mchezo wa mmoja mmoja mtu hushuka kiwango, akastaafu, basi. Huku kwenye wawili wawili, kuendelea na kazi kunaweza kumaanisha kumwachia mkono mtu uliyepanda naye jukwaani.

Kwa upande wa kazi, uamuzi ulikuwa sahihi. Ahsan, mzaliwa wa Palembang mwaka 1987, alikuwa mpigaji hodari, na mbele yake alipata mtu wa kumfungulia njia. Agosti 2013 mjini Guangzhou wakawa mabingwa wa dunia, wakiwafunga Mathias Boe na Carsten Mogensen wa Denmark. Mwaka 2014 wakachukua All England na dhahabu ya Michezo ya Asia huko Incheon. Mwaka 2015 mashindano ya dunia yalipofanyika Jakarta, walishinda mbele ya watu wao katika ukumbi wa Istora Senayan, ambao kelele zake zinajulikana duniani kote.

Rio 2016 wakatolewa hatua ya makundi. Wakaachana. Hendra akaenda kucheza na Tan Boon Heong wa Malaysia, mmoja wa watu wenye mapigo makali zaidi kuwahi kutokea. Kwenye karatasi ilionekana ndoa kamili, mkono laini mbele na nyundo nyuma. Haikuzaa kitu kikubwa. Hapo ndipo naona hoja ya maisha yake yote ya uwanjani: nguvu ya mtu mmoja ukiijumlisha na ustadi wa mwingine hupati jozi. Jozi hujengwa kwa maelfu ya saa za kutazamana mabega. Mwaka 2018 akarudi kwa Ahsan.

Wakati huo wote wawili walikuwa na familia, na mashabiki wakawabandika jina lenye maana ya akina Baba. Wapinzani walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Machi 2019, wiki ileile ambayo hapa Geita watu walikuwa wakijiandaa na ufunguzi wa soko la dhahabu, akina Baba walifika fainali ya All England mjini Birmingham. Hendra alikuwa ameumia kigimbi kwenye nusu fainali. Mtu mwenye kigimbi kibovu hawezi kuruka wala kukimbilia nyuma. Wakapoteza seti ya kwanza kwa 21-11 mbele ya Aaron Chia na Soh Wooi Yik wa Malaysia. Kisha Ahsan akachukua eneo kubwa zaidi la uwanja, Hendra akabaki wavuni akicheza kwa mkono na akili, wakashinda 21-14 na 21-12. Nimeutazama mchezo ule mara nyingi. Anavyochechemea kati ya pointi, halafu kinyoya kikianza kutembea anakuwa mtu mwingine, hadi leo sijazoea kuuona.

Miezi mitano baadaye, Basel, Uswisi, wakawa mabingwa wa dunia tena. Fainali dhidi ya Takuro Hoki na Yugo Kobayashi wa Japani ilikuwa ya 25-23, 9-21, 21-15. Ilikuwa tarehe 25 Agosti 2019, siku Hendra anatimiza miaka 35. Taji lake la kwanza la dunia na hili la nne vilipishana miaka 12.

Tarehe 14 Juni 2021, Markis Kido alianguka akiwa anacheza vinyoya huko Tangerang, akafariki dunia. Alikuwa na miaka 36. Wiki chache baadaye Hendra alikuwa Tokyo kwenye Olimpiki iliyocheleweshwa na korona. Yeye na Ahsan walifika nusu fainali, wakamaliza wa nne. Medali ya pili ya Olimpiki hakuipata kamwe. Ile aliyonayo aliipata na Kido.

Wengi tulidhani huo ndio mwisho. Mwaka 2022 wakafika tena fainali ya mashindano ya dunia, Hendra akiwa ametimiza miaka 38, na wakacheza fainali za All England mwaka huo na uliofuata. Zote walipoteza, tena mbili za Birmingham walizipoteza kwa vijana wa nyumbani kwao. Januari 2025, wakiwa Istora, waliaga siku moja, wote wawili.

Sasa nirudi huku kwetu. Ukiuliza kwa nini mchezo huu haupo Shinyanga, jibu la kwanza utakalosikia ni upepo, na ni jibu la kweli. Kiangazi cha Kishapu kinapeperusha vumbi, sembuse kitu cha gramu tano. Lakini mwaka 2019 shirikisho la dunia lilizindua aina ya mchezo inayochezwa nje, yenye kinyoya kizito kidogo kinachovumilia upepo mwepesi, juu ya mchanga, nyasi au sakafu. Na tangu 2012 lina mpango wa shule unaowapa walimu mafunzo na mitaala ya kufundishia. Kwa mchezo wa ndani kinachotakiwa ni sakafu tambarare na paa la juu. Nchi hii ya pamba imejenga maghala mengi marefu enzi za ushirika. Yapo mabwalo ya shule, zipo kumbi za makanisa.

Fedha nazo zina mlango wake. Tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, kampuni za uchimbaji zinatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri husika. Barabara, zahanati na madarasa yatangulie, hilo halina mjadala. Lakini kwenye fungu la michezo, ambalo kila mara huenda kwenye soka, raketi nne na wavu mmoja havitamnyima mtu goli. Uwanja mmoja wa soka unachukua watoto 22. Eneo hilohilo lingebeba viwanja vya vinyoya zaidi ya 40, kila kimoja na watoto wanne, wa kike na wa kiume pamoja.

Ombi langu ni kwa madiwani wa Geita, Msalala, Kahama na Kishapu, na kwa walimu wa michezo wa shule zilizo jirani na migodi. Mpango wa mwaka ujao utakapowekwa mezani, chagueni shule moja kila halmashauri, yenye bwalo lenye paa la juu, na muandike humo mstari mmoja wa mchezo wa vinyoya.