Calgary

Calgary ni jiji kubwa kuliko yote katika jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada. Liko pale mto Elbow unapoingia mto Bow, mahali ambapo Wablackfoot wanapaita Mohkinstsis, yaani kiwiko. Mwaka 1875 polisi wa farasi walijenga ngome hapo. Mwaka 1877 serikali ilitiliana mkataba na mataifa ya wenyeji, na ardhi kubwa ikawatoka mikononi.

Reli ilifika mwaka 1883. Makazi ya mwanzo yalikuwa mashariki mwa mto Elbow, lakini kampuni ya reli ikaweka stesheni yake ng'ambo ya magharibi, kwenye ardhi yake yenyewe. Wafanyabiashara hawakuwa na la kufanya ila kuifuata. Hata ofisi ya posta ilikokotwa juu ya barafu ya mto hadi upande wa pili. Katikati ya jiji pako huko mpaka leo.

Novemba 1886 moto uliteketeza majengo 14, karibu yote ya mbao. Baada ya hapo majengo makubwa yalijengwa kwa mawe ya mchanga yaliyochimbwa jirani.

Mafuta yaliyogunduliwa Turner Valley mwaka 1914, na zaidi yale ya Leduc mwaka 1947, yaliufanya mji wa wafugaji kuwa makao ya kampuni za nishati. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi 1,306,784. Meya wa miaka 2010 hadi 2021, Naheed Nenshi, ni mtoto wa wazazi waliohamia Kanada kutoka Tanzania.