Homa Isiyo na Jina: Upambanuzi wa Magonjwa ya Ng'ombe na Watu katika Nchi ya Kyela

Nchi ya Kyela ni uwanda wa chini uliolala kati ya milima ya Livingstone upande wa mashariki, nyanda za juu za Rungwe upande wa kaskazini na mto Songwe upande wa magharibi. Kusini yake ni maji ya Ziwa Nyasa. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani na kuja kumwaga maji yake hapo, na wakati wa masika uwanda hujaa madimbwi ambayo hukawia sana kukauka. Wanyakyusa wa nchi hiyo tangu zamani ni watu wa migomba na ng'ombe, na baadaye wakawa watu wa mpunga pia. Joseph Thomson, aliyefika ncha ya kaskazini ya ziwa mwaka 1879, aliisifu sana nchi na unadhifu wa wenyeji wake. Ng'ombe hawakulazwa mbali na watu. Usiku waliingizwa katika nyumba ndefu, wakalala chini ya paa moja na wenye mali.

Mahali ambapo mtu na mnyama wanaishi hivyo, hata maradhi yao huwa na ujirani. Ng'ombe akitupa mimba na mwenye ng'ombe akashikwa na homa katika mwezi ule ule, swali huzuka lenyewe: je, mambo haya mawili ni jambo moja au ni mambo mawili? Historia ya uganga na utabibu katika pwani hii ya ziwa ni historia ya majibu yaliyotolewa kwa swali hilo. Majibu hayo ni ya namna mbalimbali, na kila jibu lilikuwa na gharama yake, wala gharama hiyo haikulipwa na watu wale wale kila mara.

Jibu la kwanza ambalo habari zake zimeandikwa kwa urefu ni lile la Wanyakyusa wenyewe. Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa katika nchi hiyo kati ya mwaka 1934 na 1938, na baada ya kifo cha mumewe mwaka 1944 Monica Wilson aliandika vitabu na makala juu ya yale waliyoyaona na kuyasikia. Kwa maelezo yao, Wanyakyusa waliamini kwamba mchawi ana chatu tumboni mwake. Chatu huyo si mfano wa maneno tu. Ni kitu chenye mwili, hurithiwa, na huweza kuonekana maiti akipasuliwa. Kinachomsukuma mchawi ni uchu wa nyama na maziwa. Usiku huenda kuwatafuna watu ndani ya miili yao, nao wakaugua na kufa. Na huenda kunyonya viwele vya ng'ombe wa jirani, hata maziwa yakakauka, na baadaye ng'ombe akatupa mimba.

Wako pia watu walioitwa abamanga, yaani walinzi wa kijiji, ambao huwaona wachawi katika ndoto na kupigana nao. Walinzi hawa walikuwa na uwezo mwingine: mtu aliyevunja desturi, kwa mfano aliyewadharau wazazi au majirani zake, huweza kupatwa na pumzi ya watu wenye hasira, na pumzi hiyo humletea baridi na homa. Kwa hiyo homa moja iliweza kuwa na maana mbili zilizo kinyume. Ilikuwa dhuluma ya mchawi, au ilikuwa adhabu ya haki. Kazi ya kupambanua haikuwa kuutazama mwili peke yake, bali kuutazama mwenendo wa mgonjwa na uhusiano wake na watu.

Msomaji wa leo asifanye haraka kuyacheka mambo haya. Katika elimu hiyo palikuwa na uangalifu mkubwa. Kwanza, dalili za ng'ombe na dalili za watu zilitazamwa pamoja, nazo zikatafutiwa asili moja. Pili, ushahidi ulitafutwa ndani ya mwili wenyewe: maiti alipasuliwa na matumbo yakachunguzwa, jambo ambalo makabila mengi hayakulithubutu. Tatu, mafundisho hayo yaliwahimiza watu kuwa wakarimu. Mwenye ng'ombe wengi alijua kuwa yampasa kuchinja na kuwaalika majirani, maana anayekula peke yake huamsha njaa ya chatu.

Lakini gharama yake haikuwa ndogo. Swali lililoulizwa mbele ya zizi lililoharibikiwa lilikuwa "Nani?", na swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa ila kwa jina la mtu. Aliyetajwa aliweza kunyweshwa umwafi, yaani mwavi, na akishindwa alifukuzwa kijijini. Serikali ya kikoloni ilipokataza mwavi, iliondoa kipimo bila kuondoa swali. Shuku ikabaki, na mtu aliyeshukiwa akakosa hata njia ile ya zamani ya kujitetea.

Jibu la pili lililetwa na msiba. Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki kutoka upande wa Uhabeshi mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia mwaka 1892 ilikuwa imefika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Dalili zake hazikuhitaji mtaalamu: ng'ombe hutokwa na machozi na makamasi, hupata vidonda kinywani, huhara, na katika siku chache huanguka. Mwaka 1896 ilivuka mto Zambezi na kuendelea mpaka kusini ya bara. Maradhi yanayofagia mazizi ya makabila yasiyojuana, kutoka Uhabeshi mpaka Rasi, hayawezi kuelezwa vema kwa wivu wa jirani mmoja. Swali lake halikuwa "Nani?" bali "Yamepita wapi?"

Mabwana mifugo wa zama za ukoloni walilishika swali hilo. Nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ilikuwa machoni pao kama mlango wa kwenda kusini. Sotoka iliposogea tena kuelekea mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, mlango huo ulitiwa komeo: ng'ombe wa ukanda ule walichanjwa, na safari za mifugo zikazuiwa. Hapa gharama ililipwa na mwenye ng'ombe, kwa kuwa mali yake ilifungiwa kwa faida ya mashamba ya nchi za mbali. Hata hivyo njia hiyo ilizaa matunda makubwa. Karibu na mwaka 1960 Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, walitengeneza chanjo bora iliyooteshwa katika chembe hai, na mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba sotoka imetoweka duniani. Ni ugonjwa wa kwanza wa wanyama kufutwa kabisa na juhudi za wanadamu.

Ugonjwa wa ndigana kali ulitoa funzo la namna nyingine. Robert Koch, mtaalamu mashuhuri wa Ujerumani, aliona vijidudu vyake katika damu ya ng'ombe mjini Dar es Salaam mwaka 1897, lakini akavidhania kuwa ni vya homa nyingine iliyojulikana Marekani. Haikupita miaka mingi, baada ya uchunguzi uliofanywa kusini mwa Afrika, ikathibitika kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake na kwamba huenezwa na kupe. Wamasai walikuwa na neno lao, oltikana, ambalo kwa sauti zake halikosi kulikumbusha neno ndigana la Kiswahili. Jina la mchungaji, basi, lilitangulia jina la maabara, nalo halikuwa na makosa kuliko lile la maabara ya kwanza.

Jibu la tatu lilianzia mbali na Kyela. Mwaka 1930, katika shamba moja karibu na ziwa Naivasha nchini Kenya, wanakondoo walikufa kwa wingi na kondoo wakatupa mimba. Daubney, Hudson na Garnham walichunguza maafa hayo na kutangaza matokeo mwaka 1931. Walionyesha kuwa ugonjwa huo unaletwa na virusi, na kwamba watu waliowahudumia kondoo wale nao waliugua homa. Uliitwa Homa ya Bonde la Ufa. Baadaye ilijulikana kwamba virusi hivyo huenezwa na mbu, na kwamba mbu wa namna fulani hutaga katika mabonde yanayofurika, mayai yakakaa na virusi ndani ya udongo mkavu mpaka mafuriko mengine. Mtu huambukizwa na mbu, na zaidi kwa kugusa damu ya mnyama anapochinja, au mimba iliyotupwa. Wengi huugua kidogo na kupona. Wachache hutokwa damu, huvimba ubongo au hupofuka.

Mwaka 2007 homa hiyo ilizuka Tanzania, hasa katika mikoa ya kaskazini na ya kati, na watu zaidi ya 100 walikufa. Kyela haikutajwa. Lakini katika mwaka huo na uliofuata watafiti wa Mbeya, wakishirikiana na wenzao wa Ujerumani, walikuwa wakikusanya damu za watu katika mkoa wa Mbeya. Kutoka miongoni mwa watu 17,872 waliochunguzwa, walichagua damu za watu 1,228 na kuzitafutia kingamwili za Homa ya Bonde la Ufa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Katika mkoa mzima, waliokuwa na alama hizo walikadiriwa kuwa asilimia 5.2. Katika kituo kimoja karibu na Ziwa Nyasa, kati ya watu 150, walikuwa asilimia 29.3.

Maana ya hesabu hiyo ni nzito. Karibu watu 3 katika kila 10 mahali hapo walikuwa wamepatwa na ugonjwa huo wakati fulani wa maisha yao, na hakuna tabibu hata mmoja aliyekuwa ameutambua wala mlipuko wowote ulioripotiwa. Alama zilionekana zaidi kwa wazee, kwa maskini na kwa wenye ng'ombe. Zilipungua kadiri mtu alivyokaa mbali na ziwa, na hata tofauti ya mita chache za mwinuko ilikuwa na uzito: waliokaa chini, penye madimbwi, ndio walioambukizwa zaidi.

Ugonjwa ulifichwaje hivyo? Sehemu ya jibu imo katika lugha. Katika Kiswahili cha kila siku neno homa, lisipofuatwa na neno jingine, huchukuliwa kuwa ni malaria, na katika pwani yenye mbu wengi dhana hiyo ni sahihi mara nyingi. Mtu huenda zahanati, husema "nina homa", hupewa dawa ya malaria, hupona kwa nguvu za mwili wake, na dawa hupata sifa isiyokuwa yake. Ng'ombe aliyetupa mimba huandikwa na bwana mifugo katika daftari jingine, kama anaandikwa. Hivyo jambo ambalo wazee waliliona kuwa moja limegawanywa kati ya idara mbili, na hapana anayekaa katikati yake.

Na jina la kitaalamu halikusaidia. "Bonde la Ufa" kwa masikio ya wengi ni jina la Kenya, au la nchi za Wamasai. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ufa ule hauishii huko, na kwamba Ziwa Nyasa lenyewe limelala ndani yake. Mtu wa Kyela akisikia jina hilo redioni hudhani kwamba ni habari ya wengine, kumbe mlango wa nyumba yake unafunguka bondeni humo.

Haiwezi kusemwa kwamba ng'ombe waliotupa mimba katika masimulizi ya miaka ya 1930 walikuwa na ugonjwa huu. Ng'ombe hutupa mimba kwa sababu nyingi, na damu za wakati ule hazikuwekwa. Linaloweza kusemwa ni kwamba dalili waliyoichagua wazee kuwa ya kutisha ndiyo hasa dalili inayotangulia Homa ya Bonde la Ufa, na kwamba walikuwa na haki kuiunganisha na afya ya watu. Kosa lilikuwa katika swali lililofuata, ambalo lilimtafuta mtu badala ya mbu, na aliyelipa ni jirani asiye na hatia.

Lakini damu nayo ina upungufu wake. Kingamwili husema kwamba ugonjwa ulipita. Haisemi ni siku gani, wala ni zizi la nani lililotangulia kuharibikiwa. Habari hizo anazo mchungaji. Katika uwanda ambako msiba huchinjiwa ng'ombe na majirani hugawana nyama, mtu anayejua kwamba damu ya mnyama mgonjwa ni hatari, na anayetoa taarifa mara ng'ombe watatu wanapotupa mimba katika wiki moja, ni mlinzi wa kijiji kwa maana mpya. Sotoka ilishindwa kwa sababu kila aliyeiona aliijua na kuitaja. Homa hii ya pwani ya Kyela haitadhibitiwa mpaka ipate jina ambalo watu wa pale watalisikia kuwa ni lao, na mpaka mganga wa watu na bwana mifugo waandike habari zake katika daftari moja.